Damu ya Usiku: Habari za Kupimwa Afya katika Nchi ya Kilwa na Lindi

Msafiri ashikaye njia kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, akiisha kuvuka mto Rufiji na kuiacha nyuma njia panda ya Nangurukuru, hufika Kiranjeranje kabla hajauona mto Mbwemkuru. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kilwa. Wakaao humo ni Wamachinga, Wamwera, Wangindo na Wamatumbi, pamoja na watu wa pwani; hulima muhogo, mtama na ufuta, na wengi wao ni Waislamu. Kabla daraja la Rufiji halijafunguliwa katika mwaka 2003, nchi hii ilikuwa kama kisiwa kila masika, maana barabara ilikatika na magari yakalala njiani. Basi mambo mengi yaliyofika upesi mahali pengine, huku yalichelewa. Na daktari alikuwa mmoja katika hayo.

Nataka kueleza habari za jambo moja, nalo ni kupimwa afya: yaani mtu aliye mzima, asiyelia maumivu, kuitwa atoe damu yake au aonyeshe ngozi yake, ili ugonjwa ujulikane kabla haujamwangusha. Sisi walimu na makasisi twaombwa mara kwa mara kuwatangazia watu jambo hili, shuleni na baada ya ibada, nasi twatangaza. Halafu watu huja wachache, nasi twasema, "Ni ujinga wao." Mimi nimesema hivyo mara nyingi. Katika makala hii nataka kuonyesha ya kuwa tulikosea. Watu wa nchi hii wana kumbukumbu, na kumbukumbu ina sababu zake.

NENO LENYEWE

Kwanza na tulitazame neno. Kupima ni neno la soko na la chombo. Mwenye duka alipima nafaka kwa kibaba na pishi. Mwenye nguo aliipima kwa mkono, na mikono minne ikawa pima moja, ndio urefu wa mtu akinyosha mikono yake miwili. Nahodha alipima kina cha maji kwa bildi. Katika matumizi hayo yote mna mambo mawili: kitu kipimwacho hakiulizwi neno, na kipimo kikiisha kutolewa, hufuata tendo, bei hutajwa, au chombo hugeuzwa njia. Hapana apimaye bure.

Kwa ugonjwa yalikuwapo maneno mengine. Mgonjwa aliuguzwa na jamaa zake, mganga alimganga, na sababu isipojulikana, walikwenda kwa mwaguzi, naye akaagua kwa bao au kwa ramli. Lakini aliyekwenda ni mgonjwa, au ndugu zake kwa ajili yake; naye alirudi na jibu siku ile ile, liwe la kweli au la uongo. Mtu mzima aendaye kwa mganga bila sababu alishukiwa ya kuwa ana nia mbaya juu ya mwenzake.

Kwa hiyo neno kupima lilipotolewa sokoni na kutiwa mwilini mwa mtu, lilizaa maswali, nayo ni manne. Ni nani aliyekutuma? Kwa nini waja saa hii? Damu yangu yaenda wapi? Nami utaniletea nini? Katika habari zifuatazo tutaona ya kuwa wakati wote watu walipokuwa wakipimwa, wao nao walikuwa wakiwapima wapimaji wao kwa maswali hayo manne.

MALALE, BUBA NA UKOMA

Ugonjwa wa malale ulikuwa miongoni mwa magonjwa ya kwanza katika Afrika ya Mashariki yaliyofanya watu wazima watafutwe na kupimwa makundi kwa makundi. Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua watu wengi mno kandokando ya ziwa Victoria. Katika miaka ya 1906 na 1907 Robert Koch, mganga mashuhuri wa Ujerumani, alikaa katika visiwa vya Sese akiwapima wagonjwa na kuwajaribia dawa iitwayo atoxyl. Alama iliyotafutwa ilikuwa tezi za shingo: mpimaji alizipapasa, na akiona zimevimba alizichoma sindano ili maji yake yatazamwe kwa hadubini. Dawa ile iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Na katika Uganda, Gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahame kando ya ziwa. Basi tangu mwanzo kupapaswa shingo kulifuatana na kuhamishwa.

Jambo hilo liliifikia nchi yetu pia. Malale yalipoonekana pande za Liwale, magharibi ya Kilwa, serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu mahali pamoja. Na katika miaka ya 1940 Wangindo wa magharibi ya Liwale waliondolewa katika nchi yao, nayo ikaongezwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Selous. Sisemi ya kuwa malale hayakuwapo. Yalikuwapo, na mbung'o walikuwapo. Lakini mzee wa Kingindo aliyehama akaja kukaa upande wa pwani aliweza kuyahesabu mambo kwa vidole jinsi yalivyofuatana: kwanza alikuja mpimaji, kisha alikuja tarishi, kisha walikuja ndovu.

Habari za buba ni kinyume chake. Buba ni ugonjwa wa vidonda, nao uliwashika hasa watoto katika nchi zenye joto na unyevu. Katika miaka ya 1920 waganga wa serikali ya Tanganyika walianza kuwadunga watu sindano za dawa ya bismuthi, na baada ya vita kuu vya pili ikaja penisilini. Hapo hapakutakiwa askari wa kuwakusanya watu. Walikuja wenyewe, wengine kutoka mbali, mama wakiwabeba watoto mgongoni. Kwa nini? Chuma cha sindano ni kile kile, na mzungu wa kuishika ni yule yule. Lakini kidonda kilikauka katika siku chache, na kijiji kizima kilikiona. Swali la nne lilijibiwa juu ya ngozi ya mtoto. Hata leo wako wagonjwa ambao, wakipewa vidonge peke yake, huuliza, "Na sindano je?" Swali hilo ni urithi wa buba.

Ukoma ulikaa katikati ya hayo mawili. Kuutambua si kazi ngumu: mpimaji hutafuta baka la ngozi lenye rangi hafifu, hulipitishia pamba au unyoya, naye mtu akiwa amefumba macho huulizwa kama ahisi. Baka lisilohisi ni dalili. Kipimo hiki hakitoi damu hata tone, na mwalimu aweza kufundishwa kukifanya. Walakini watu walificha mabaka yao, maana jibu la kipimo lilikuwa kutengwa. Misheni zilijenga vijiji vya wakoma, kama kile cha Wabenediktini wa Ndanda. Na katika Rufiji kipo kijiji cha Kindwitwi, ambapo Padre Robin Lamburn, aliyekuja nchi hii na misheni ya UMCA, alikaa na watu hao miaka mingi hata alipokufa katika mwaka 1993. Upendo ulikuwapo, lakini mwenye baka alijua ya kuwa akilionyesha ataondoka kwao. Tanzania ilianzisha mpango wake wa taifa wa kifua kikuu na ukoma katika mwaka 1977, na tangu 1981 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa mbalimbali zitumiwe pamoja. Sasa mtu hupona akiwa nyumbani kwake. Jibu lilipobadilika, maficho nayo yakapungua.

DAMU YA USIKU

Sasa twafika kwenye ugonjwa wa pwani hasa, nao ni matende na mabusha. Katika mwaka 1877 Patrick Manson, mganga Mwingereza aliyekaa Amoy katika nchi ya China, aligundua ya kuwa wadudu wa ugonjwa huu huingia katika mbu anyonyapo damu. Wadudu hao ni minyoo myembamba kama uzi. Minyoo mikubwa hukaa katika mishipa ya maji ya mwili miaka mingi, ikaiziba, hata mguu ukavimba ukawa tende, au korodani zikajaa maji likawa busha. Watoto wa minyoo hiyo huogelea katika damu. Nao wana tabia ya ajabu. Mchana hujificha ndani ya mapafu, na usiku, tangu saa nne hata saa nane, hutoka wakaja kwenye damu iliyo karibu na ngozi, maana hiyo ndiyo saa ya mbu.

Yafuatayo ni dhahiri: atakaye kujua kama mtu anao wadudu hao sharti amtoe damu usiku. Mganga ahitaji kuamka, kuchukua taa, na kupiga hodi katika nyumba za watu saa ile ambayo kwa desturi zetu mwenye heri halali nje. Katika mwaka 1949 kituo cha uchunguzi kiliwekwa Mwanza kwa ajili ya kupima afya za watu wa Afrika ya Mashariki na kuchunguza ugonjwa huu hasa. Na kwa miaka mingi baadaye wapimaji wa namna hiyo walizunguka na taa zao.

Wasomaji wanaopenda lugha watalikumbuka neno mumiani. Asili yake ni Kiajemi, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi kama utomvu, iliyoletwa kwa vyombo na kutumiwa kwa mifupa iliyovunjika. Kamusi kubwa ya mwaka 1939, iliyotengenezwa na Kamati ya Lugha, yaeleza dawa hiyo, pamoja na imani ya watu ya kuwa imetengenezwa kwa damu ya wanadamu waliouawa. Baadaye mumiani likawa jina la mtu mwenyewe anyonyaye damu, atembeaye usiku na taa na chupa. Sasa mfikirie mpimaji wa matende: atembea usiku, ana taa, ana vigae vya kioo, na ataka damu. Hata kama mtu angetaka kumwigiza mumiani, asingeweza kufanya vizuri zaidi.

Mjomba wangu, mtu wa Kiranjeranje, alinisimulia jinsi alivyotobolewa kidole akiwa kijana. Walikuja wageni usiku, mwenye mji akawaita watu kwa ngoma, vijana wakasimama mstari mmoja. Wengi walikimbilia mashambani. Yeye hakukimbia, maana aliona haya kuonekana mwoga. Damu yake ikawekwa juu ya kioo, jina lake likaandikwa, na asubuhi wageni walikuwa wamekwenda zao. Hawakurudi. Sijui walikuwa nani, wala siwalaumu kwa ubaya. Yamkini walipata elimu waliyoitafuta, na elimu hiyo ikatufaa sote baadaye. Lakini mjomba alingoja jibu. Miaka ikapita, akaota busha. Na katika akili yake mambo hayo mawili yakafungamana: walichukua damu, wakaacha ugonjwa.

VIDONGE NA KIJITI

Mkutano wa mataifa juu ya afya uliazimu katika mwaka 1997 ya kuwa matende na mabusha yaondolewe duniani. Tanzania ilianza kazi hiyo katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000, kisha ikaendelea mkoa kwa mkoa, na pwani yetu ya Lindi na Mtwara ikafikiwa. Shauri lilikuwa jipya. Badala ya kumpima kila mtu usiku, nchi iliyojulikana kuwa na wadudu ilipewa dawa yote pamoja, wagonjwa na wazima, mara moja kila mwaka. Dawa ni mbili, ivermectin na albendazole, na makampuni yaliyozitengeneza yalizitoa bila malipo. Haziondoi busha lililokwisha kukaa. Zaua wale wadudu wachanga katika damu, hata mbu wakose cha kuchukua.

Hapo neno kupima likarudi kwa namna nyingine. Kwa kuwa mizani haikuwapo kila kijiji, mgawa dawa alipewa kijiti kirefu chenye alama; mtu husimama kando yake, na urefu wake huonyesha ameze vidonge vingapi. Wajawazito, watoto wadogo na walio wagonjwa sana hawakupewa. Lakini watu wa kwetu humpima kwa kijiti maiti, ili kaburi lichimbwe kwa urefu wake. Nilimsikia bibi mmoja akisema kwa sauti ndogo, "Mimi bado sijafa, wanipimia nini?" Hakuna aliyemjibu, maana waliotengeneza kijiti kile hawakujua ya kuwa kijiti chaweza kusema.

Shida nyingine ilikuwa katika dawa yenyewe. Mtu mwenye wadudu wengi, akiisha kumeza, huweza kupata homa, kuumwa kichwa na kizunguzungu siku moja au mbili, maana wadudu wanakufa mwilini mwake. Akiwa ameambiwa mapema, husema, "Dawa yafanya kazi." Asipoambiwa, husema, "Nimelishwa sumu." Walimu na wayakumbuke yaliyotokea mkoani Morogoro katika mwaka 2008, watoto wa shule walipopewa dawa za kichocho na minyoo: uvumi ulienea ya kuwa watoto wanakufa, wazazi wakazikimbilia shule kwa hasira, ghasia zikatokea. Sisi walimu ndio tuliokuwa tumeshika vidonge, nasi ndio tuliokosa maneno.

Mjomba wangu alikataa vidonge. Nikaenda kwake kumwonya, nami ni mwalimu, nikaona nina haki. Wasomaji wa pande hizi wajua ya kuwa kwa Wamwera na jirani zao mjomba ndiye mwenye ukoo. Mpwa hamkaripii mjomba, wala hautaji mwili wake. Mimi nilifanya yote mawili kwa pamoja. Nikasema, "Mjomba, ugonjwa wako wa busha waweza kuwapata wajukuu, sharti umeze." Akaninyamazia kitambo. Kisha akasema, "Mpwa wangu, damu yangu walikwisha chukua. Jibu sijaletewa. Wakileta jibu la kwanza, nitawapa la pili." Akaingia ndani. Nikarudi nyumbani nikawaambia watu ya kuwa mzee yule ni mkaidi.

Aliyemshinda si mimi. Kijiji kilikuwa kimemchagua mgawa dawa mwingine, mzee maskini asiyejua kusoma sana, aliyetahiriwa pamoja na mjomba katika jando moja. Waliotoka jando moja huweza kuambiana mambo ambayo mtoto wala mke hayataji. Yule mzee hakutamka neno busha hata mara moja. Alisema mshipa, kama wasemavyo watu wa heshima. Alikaa naye barazani tangu alasiri. Hakubishana naye juu ya madafu, ingawa wako wazee wengi wa pwani wasemao ya kuwa busha hutokana na kunywa madafu mengi. Alimwuliza tu mbona liko kwa watu wasio na minazi. Akamwambia, "Leo usiku utapata homa kidogo, nami nitalala hapa." Akameza vyake kwanza. Mjomba akameza. Usiku homa ikaja, na mwenzake alikuwapo. Baadaye, ilipotangazwa ya kuwa madaktari wanapasua mabusha, ni huyo huyo aliyempeleka. Na mjomba akarudi akaketi tena mbele ya watu msikitini, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.

Leo damu ya usiku si lazima kama zamani. Kimepatikana kipimo cha karatasi kitambuacho alama za minyoo mikubwa saa yoyote, hata mchana, kwa tone moja la kidole. Na ili kujua kama nchi imetakasika, hupimwa watoto wa miaka 6 na 7, walio wengi wao shuleni. Maana hao wamezaliwa dawa zikiwa zimekwisha kuanza kugawiwa, na damu yao ikiwa safi ni dalili ya kuwa mbu wamekosa cha kupeleka. Kwa hiyo shule imekuwa mizani ya nchi nzima.

MAJINA YAFUNDISHAYO

Yafaa niongeze neno juu ya majina, kwa kuwa jina ni nusu ya mafundisho. Katika miaka ya 1952 na 1953 homa ngeni iliwashika watu wa nchi ya Wamakonde. Viungo viliuma hata mtu akatembea ameinama. Wenyeji waliiita chikungunya, yaani kile kimkunjacho mtu, na waganga walioandika habari zake walilipokea jina hilo. Leo neno la Kimakonde lasemwa India na Brazil, nalo bado lamweleza mgonjwa alivyo.

Katika mwezi wa Julai 2022 homa nyingine ilitokea wilaya ya Ruangwa, jirani zetu wa magharibi. Baadhi ya wagonjwa walitoka damu puani. Kwa siku kadhaa iliitwa ugonjwa usiojulikana, na hofu ilikuwa kubwa, maana lisilo na jina halina mpaka. Wizara ya Afya ilipima, ikaona si Ebola wala Marburg, bali ni leptospirosisi, ugonjwa wa vijidudu vitokavyo katika mkojo wa panya na wanyama wengine, vikaingia mwilini kwa maji na udongo. Waliohesabiwa walikuwa wagonjwa 20, na waliokufa 3. Ikatangazwa kwa jina la homa ya mgunda. Mgunda kwa Kiyao ni shamba. Mkulima asikiapo jina hilo huelewa mara moja mahali pa hatari palipo. Na jibu hili lililetwa mbele ya watu wote.

Lakini yako majina yapotoshayo, na mfano ni presha. Neno hili tumelichukua kwa Waingereza, nalo mitaani lina maana ya haraka na wasiwasi, mtu husema, "Usinipe presha." Kwa hiyo mtu akiambiwa ana presha hudhani amehuzunika, naye hungoja huzuni ipite. Madaktari husema shinikizo la juu la damu, nalo ni jina refu, lakini ni la kweli: damu yasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi, hata mshipa wa kichwani hupasuka au kuziba, na mtu akapooza upande mmoja. Jamaa wakaao karibu husema, "Amepigwa na shetani," maana jana alikuwa shambani akilima.

MWALIMU NAYE APIMWA

Uchunguzi uliofanywa Tanzania katika mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha ya kuwa karibu mmoja katika wanne ana shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja katika kumi na mmoja ana kisukari. Magonjwa hayo hayaambukizi, wala hayana mbu; nayo hayaumi mwanzoni. Ndiyo yanayohitaji kupimwa mtu mzima kuliko mengine yote.

Mjomba alipokwisha kupona, siku moja tulipita pamoja penye zahanati, palipokuwa na watu wakifungwa ukanda mkononi. Akasimama, akaniuliza, "Na wewe, mwalimu, umepimwa?" Nikajibu ya kuwa mimi ni mzima. Akacheka, akasema, "Mimi nami nilikuwa mzima." Nikaona haya, nikaketi. Ukanda ukajazwa upepo, ukaachiwa. Muuguzi akausoma, akaufunga tena. Tarakimu zilikuwa 170 juu ya 105. Nilikuwa nimewatangazia watu upimaji miaka mingi, na mkono wangu mwenyewe haujapata kufungwa hata siku moja.

Nikafahamu jambo ambalo sikulifahamu nilipokuwa nikihubiri. Kupimwa kwenyewe ni rahisi. Neno zito ni lifuatalo. Muuguzi aliniambia dawa hii haina mwisho. Katika lugha yetu dawa huponya, na aliyepona huitupa. Dawa inywewayo siku zote na ugonjwa usiondoke, watu huiona kama deni lisilolipika. Ndiyo maana wengi huiacha mwezi wa pili, wakijisikia wazima. Atakayewaita watu wapimwe sukari na shinikizo la damu, sharti aeleze kwanza maana hii mpya ya kupona: si kuachwa na ugonjwa, bali ni kuutawala, kama mtu amfugaye mbwa mkali, asimwache bila mnyororo.

Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe walipimwa virusi vya ukimwi mbele ya watu katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ndipo kampeni ya nchi nzima ikaanza. Hakufanya jambo kubwa la elimu. Alifanya lile alilofanya yule mzee wa jando, aliyemeza vyake kwanza.

Basi, ndugu walimu na makasisi, wapimaji wajao kwenu wakiomba mtangaze, msikatae. Lakini kabla hamjatangaza, waulizeni yale maswali manne kwa niaba ya watu wenu. Ni nani aliyewatuma. Kwa nini saa hiyo. Damu yaenda wapi. Na jibu litarudi lini, nani atalileta, na kwa siri gani. Wakiwa na majibu, yatangazeni pamoja na wito. Wakikosa, waambieni kwa adabu wayatafute kwanza. Tena mwulizeni mwenye mji ni nani awezaye kusema na wazee bila kuwaaibisha, maana huenda si mwalimu. Na siku ya kupimwa, nyosheni mkono wenu mbele ya watu.

Mjomba wangu amekwisha kufariki, kwa uzee. Katika siku zake za mwisho alipenda kuniuliza tarakimu zangu kila nilipokwenda kumwamkia. Kabla sijamaliza kusema shikamoo alikuwa amekwisha kuitikia na kuuliza, "Ngapi leo?" Nami nilimwambia. Jibu la damu yake ya usiku hakuletewa kamwe. Langu alilidai kila mwezi.